Barua Inapokataliwa Mlangoni na Mwenye Nyumba Hana Habari



Siku ya sita ya Mfungo Mosi, wageni wa Idi walipokuwa wameanza kupungua, alibisha hodi katika ofisi ya kamati ya mayatima tunayoitumikia kijana mmoja mwenye adabu zake, aliyekuwa amewasili kutoka Maskati kuwazuru jamaa zake. Alikaribishwa, akaketi, akanywa kahawa, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Masheikh zangu," akasema, "ami yangu anakusalimuni sana. Ameniagiza nikuulizeni jambo moja tu: amekukoseeni nini hata mkamzuia?"

Tulitazamana. Ami yake ni mzee tunayemheshimu, mwenye asili ya visiwani, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akiwalipia ada mayatima watatu pasi na kutaka jina lake litajwe. Tangu Rajab hatukuwa tumepata neno lake. Ramadhani ikaingia na kutoka bila ya zakatul-mali yake ambayo huja kila mwaka, na mmoja wa mayatima hao, binti wa kidato cha pili, alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Sisi tulidhani mzee ameelemewa na mambo, tukaona haya kumkumbusha. Kumbe naye alikuwa ametuandikia mara tatu kwa barua pepe, akiomba matokeo ya mitihani na risiti za muhula uliopita, na kila mara alirudishiwa karatasi ya Kiingereza yenye neno lenye maana ya kuzuiwa. Alilielewa neno hilo kama mtu yeyote angelielewa. Hakupiga simu, kwani aliona si adabu kuwagongea watu waliomfungia mlango. Na shetani, ambaye hapotezi nafasi, akamnong'oneza kuwa watu wasiojibu wanapoulizwa risiti huenda wana la kuficha.

Wasomaji wa safu hii wamezoea tuzungumze malezi, mirathi na matumizi ya simu majumbani. Leo watuwie radhi tuzungumze seva ya barua pepe, maana hapo ndipo dhana mbaya baina yetu na mzee ilipozaliwa, na tunajua kwamba madrasa, misikiti, hata baadhi ya familia zenye vijana waliosomea kompyuta, wameanza kuendesha seva zao wenyewe.

Kwa nini mtu aendeshe seva yake? Sababu yetu ilikuwa amana. Katika barua za kamati kuna majina ya mayatima, hali za wajane, magonjwa ya watu, na migogoro ya ndoa iliyoletwa kwa wasuluhishi. Tuliona si vema mambo hayo yakae katika mitambo ya kampuni za mbali ambazo hatuna mkataba nazo wa maana. Kijana wetu mmoja aliyesoma madrasani kwetu akajitolea: akanunua kompyuta iliyotumika, akaweka programu ya Postfix, ile iliyotungwa na Mholanzi Wietse Venema alipokuwa akifanya kazi IBM na kutolewa kwa umma mwaka 1998, akatusajilia jina la kikoa, na barua zikaanza kuingia. Bado tunaona uamuzi ule ulikuwa sahihi. Tusichokijua ni kwamba anayejiwekea sanduku lake la posta amejifanya pia kuwa karani wa posta, na karani hasinzii.

Ili mtu afahamu barua imepotelea wapi, lazima aifuate njia inayopita. Mzee anapobonyeza kutuma, barua yake haiji moja kwa moja kwetu. Huenda kwanza kwenye seva ya kampuni yake. Seva hiyo huuliza mfumo wa majina wa intaneti, uitwao DNS: kikoa hiki kinapokelea barua wapi? Jibu hupatikana katika rekodi iitwayo MX, ambayo hutaja jina la seva yetu, na jina hilo nalo hutafsiriwa kuwa anuani ya namba. Kisha seva ya mzee hubisha katika mlango namba 25 wa anuani hiyo, na seva mbili zikaanza kusemezana kwa lugha ya SMTP, ambayo kanuni zake ziliandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982. Mgeni hujitaja jina, husema barua inatoka kwa nani, husema inakwenda kwa nani, na baada ya kukubaliwa hayo ndipo hukabidhi maandishi yenyewe.

Kila hatua mwenyeji hujibu kwa namba. Inayoanza na 2 ni karibu. Inayoanza na 4 ni "sasa hivi hatuwezi, rudi baadaye", na inayoanza na 5 ni "usirudi". Namba hizi msomaji azihifadhi vizuri kuliko kitu kingine chochote katika makala haya. Mgeni aliyeambiwa 4 huweka barua katika foleni na kurudi tena na tena. Kanuni iliyoandikwa upya mwaka 2008 yataka asikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Ndiyo maana umeme ukikatika siku mbili, barua zako hazipotei, zinakusubiri kwa waliozituma. Lakini aliyeambiwa 5 hageuki nyuma tena. Huirudisha barua kwa mwenyewe papo hapo, pamoja na karatasi ya kueleza sababu.

Karatasi aliyokuwa nayo mgeni wetu ilikuwa ya namna hiyo, na ilianza na namba 554.

Basi kijana wetu wa mitambo aliitwa, akaja na kanzu yake ya Idi. Neno lake la kwanza lilikuwa lile wanalolisema mafundi wote: "Mbona kwangu inafanya kazi?" Akamwandikia barua mwenyekiti, na kweli ikaingia katika simu ya mwenyekiti kabla hajamaliza kusema. Hapa ndipo wengi hudanganyika, nasi tulidanganyika kwa miezi mitatu. Barua ya mwanakamati kwenda kwa mwanakamati haipiti barabarani. Mtumaji amekwisha kujitambulisha kwa neno lake la siri, ni mtu wa nyumbani, hakaguliwi mlangoni kama mgeni. Barua za kutoka nazo ziliondoka salama. Kilichokufa ni njia moja tu, ya wageni wanaoingia, na njia hiyo mtu wa ndani haipimi asilani.

Tukamtaka ajaribu kama mtu wa nje. Akafungua daftari la kumbukumbu la seva, ambalo katika kompyuta nyingi za Linux hukaa katika faili liitwalo mail.log, akaliacha likijiandika mbele ya macho yetu, kisha akatuma barua kutoka anuani yake binafsi ya kampuni ya bure. Twashauri kila mtu aanze hivi, kwa sababu swali la kwanza kabisa ni kama mgeni amefika mlangoni au hakufika. Ikiwa daftari halikuandika kitu, tatizo liko barabarani, na hakuna haja ya kupekuapekua ndani. Ikiwa limeandika, basi lenyewe litasema sababu.

Liliandika mara moja. Mgeni alifika, akajitaja, akaambiwa 554, akaondoka. Kijana akapandisha kurasa juu, na hapo sote tukanyamaza. Mistari ya namna ile ilijaa siku baada ya siku. Kila mtu wa nje aliyetuandikia alikuwa amefukuzwa: mzee wa Maskati, shule, daktari wa macho anayewatibu watoto wetu, na wauza barua taka pia. Tukakumbuka kwamba ndani ya Shaaban tulipongezana kuwa barua taka zimekwisha kabisa. Ikiwa sanduku lako limekuwa safi ghafla bila ya wewe kufanya lolote, kagua seva.

Sababu yenyewe yataka maelezo kidogo. Seva nyingi, kabla ya kumpokea mgeni, huuliza orodha maalumu za anuani zijulikanazo kwa kutuma barua taka. Swali hupelekwa kwa njia ya DNS, kana kwamba mtu anatafuta jina. Likijibiwa "hakuna jina hilo", mgeni hana doa. Likijibiwa kwa namba inayoanza na 127, mgeni ameandikwa katika orodha, naye hukataliwa. Ni utaratibu mzuri, na bila ya huo sanduku letu lingekuwa jalala. Ila waendeshaji wa baadhi ya orodha hawapendi kuulizwa kupitia seva kubwa za DNS za umma, kwa kuwa hawawezi kumtambua muulizaji ni nani. Muulizaji wa njia hiyo hupewa namba ya pekee, nayo pia huanza na 127, lakini maana yake ni "wewe sikujibu kwa njia hii".

Mwanzoni mwa Rajab tulibadilisha ruta ya ofisi. Kijana, kwa kutaka wepesi, akaielekeza seva iulize majina kupitia moja ya DNS hizo za umma. Tangu saa ile kila swali kuhusu kila mgeni lilirudi na ile namba ya kukataa kujibu, na seva yetu, ambayo haikufundishwa kutofautisha, ikalisoma kila jibu kuwa ni "ndiyo, huyu ni mwovu". Hakuna aliyemzuia mzee. Mlinzi wetu alimuuliza mtu asiyetaka kusema, akauchukulia ukimya wake kuwa ni ushahidi. Wenye kusuluhisha ndoa watalitambua kosa hilo bila ya kuhitaji kompyuta.

Na wala hatukuwa wa kwanza. Orodha moja mashuhuri, ORDB, ilifungwa rasmi Desemba 2006, lakini mafundi wengi hawakuiondoa katika seva zao. Mwezi Machi 2008 ikaanza kujibu kila swali kwa "ndiyo", na siku hiyo seva zilizokuwa bado zikiiuliza zikaanza kukataa barua za dunia nzima. Aliyeweka orodha miaka mitano iliyopita na hajaitazama tena, aitazame wiki hii.

Kabla ya kutengeneza chochote, kijana alifanya jambo moja la busara ambalo twataka lijulikane. Postfix ina amri iitwayo soft_bounce. Ukiiwasha, kila kukataa kwa 5 hugeuzwa kuwa 4, yaani badala ya kumwambia mgeni asirudi, humwambia arudi baadaye. Mtu akiwa bado anatafuta ugonjwa, hii ndiyo dawa ya kutuliza: barua zinazofika wakati wa matengenezo hubaki katika foleni za watumaji, na hazirudishwi kwa wenyewe na maneno ya kuwavunja moyo. Hatimaye lazima izimwe, la sivyo barua taka nazo zitarudi mlangoni siku tano mfululizo. Baada ya hapo akaweka katika seva yenyewe programu ya kuuliza DNS moja kwa moja, bila ya kupitia kwa mtu wa kati, na akaiamuru izikubali zile namba tu zenye maana ya kuandikwa katika orodha. Akajaribu tena kutoka nje. 250. Barua imepokewa.

Ikabaki kazi ngumu zaidi, kazi ya watu. Barua iliyokataliwa haiwezi kufukuliwa katika seva, kwa kuwa mgeni alifukuzwa kabla hajakabidhi maandishi. Hata hivyo alikuwa amekwisha kutaja inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani, na daftari huyaandika hayo mawili. Tukakaa baada ya Laasiri na karatasi, tukatoa majina ya watu na taasisi tunaowajua miongoni mwa mamia ya anuani za ovyo, kisha tukagawana simu za kupiga.

Wa kwanza alikuwa mzee. Mwenyekiti mwenyewe alipiga, mbele ya mpwa wake. Alieleza habari ya seva kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika, kama afanyavyo mtu mwenye haya, na upande wa pili ulikuwa kimya. Kisha mzee akauliza, "Kwa hiyo si nyinyi?" Mwenyekiti akajibu kuwa ni sisi, kwa kuwa seva ni yetu na aliyeiweka ni mtoto wetu, ila hatukukusudia. Mzee akacheka kidogo, akaomba msamaha kwa dhana aliyokuwa nayo, tukamwomba naye msamaha, akatuma barua papo hapo tukiwa kwenye simu. Tuliuona mstari wake ukipita katika daftari. Barua yenyewe haikuwa na salamu ndefu: aliuliza risiti za muhula uliopita ziko wapi. Zilipelekwa jioni ile ile, na ada ya binti ikalipwa wiki iliyofuata.

Turudi kwa wasomaji, kwa kuwa maradhi ya seva si hayo tu, na jirani yako huenda asiwe na ugonjwa wetu.

Pale daftari lisipoandika kitu kabisa, tazama kwanza kama kikoa kimelipiwa. Inachekesha mpaka ikukute. Kisha uliza rekodi ya MX kutoka kompyuta isiyo ya ofisini na uone inataja nini. Yapasa itaje jina, si namba, na jina hilo liwe na anuani yake halisi, si lakabu ya jina jingine. Waliohama kampuni ya intaneti husahau kwamba namba yao imebadilika na rekodi imebaki kuelekeza kwenye nyumba ya zamani. Hata ukiirekebisha, waliokwisha kuuliza hulihifadhi jibu la awali kwa muda uliotajwa katika rekodi, mara nyingi sekunde 86,400, yaani siku nzima. Vumilia kabla ya kubadilisha tena.

Kuna na jambo linalowaumiza vijana wanaojaribu seva nyumbani kwa intaneti ya simu. Kampuni nyingi za simu huwapa wateja wengi anuani moja ya kushirikiana, kama nyumba ya wapangaji yenye mlango mmoja wa mbele. Wa ndani anaweza kutoka, lakini mgeni akibisha hajulikani anamtaka nani. Hapo hakuna marekebisho ya seva yatakayosaidia. Omba anuani maalumu kwa kampuni au ukodishe seva mahali pengine. Zipo pia kampuni zinazofunga mlango 25 kabisa ili kuzuia barua taka. Na anayepima ajihadhari: mlango huo ukifungwa kwa upande wa kutokea katika mtandao anaoutumia, ataona seva imekufa ilhali ni nzima.

Diski kujaa ni ugonjwa wa kawaida mno, hasa baada ya harusi, video zinapozunguka kama viambatisho. Postfix hukataa kupokea pale nafasi iliyobaki inapopungua chini ya mara moja na nusu ya ukubwa wa juu wa barua inayoruhusiwa, na hujibu 452. Hiyo ni 4. Futa, barua zitakuja zenyewe.

Ukiona maneno ya kwamba mtumiwa hajulikani, kuna aliyekosea herufi, au sanduku la mwanakamati aliyestaafu limefutwa. Ukiona kwamba seva inakataa kupitisha barua, huenda kikoa chako hakimo katika orodha ya vile seva inavyovitambua kuwa ni vyake, nayo inadhani inatakiwa kuwa tarishi wa watu wengine. Barua ya kwanza ya mgeni ikichelewa dakika kadhaa kisha ikafika, pengine si ugonjwa: seva nyingine humwambia mgeni mpya arudi baadaye ili kumpima subira, kwa kuwa watuma barua taka wengi hawarudi.

Na mwisho kuna barua iliyopokewa vizuri lakini simu haiioni. Daftari linasema 250, mama anasema hakuna kitu. Tazama folda ya barua taka, kisha tazama cheti cha usalama cha seva. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90, na kisipohuishwa, seva za wageni kwa kawaida huendelea kuleta barua bila ya kujali, ila simu ya mama hukataa kusoma. Wanaume wa nyumba hugombana na simu siku mbili kwa jambo hili.

Katika Surat An-Naml kuna habari ya Nabii Sulayman (AS) na barua aliyomkabidhi Hud-hud. Tarishi yule hakutakiwa kuifikisha barua tu. Alitakiwa pia kutazama imepokewaje. Sisi tulikuwa na tarishi anayeandika kila kitu na hatukumsoma. Sasa kila Alhamisi, baada ya Alasiri, binti wa katibu wa kamati, mwenye miaka kumi na mitano, hutuma barua moja kutoka anuani ya nje na kuhesabu mistari ya 554 katika daftari. Humchukua dakika kumi, na tumeona anaifanya kwa makini kuliko sisi wazee.

Daftari letu hutunza wiki nne tu, kisha hujifuta. Kwa hiyo waliotuandikia ndani ya Ramadhani tumewapata karibu wote, lakini waliotuandikia Rajab na Shaaban hatuna njia ya kuwajua. Ikiwa wewe ni mmoja wao, ukarudishiwa barua yenye namba 554 na ukatudhania ulivyotudhania, twakuomba uandike tena, au upite ofisini ukiwa na karatasi yako.